Mikindu Tuliyoihesabu Pamoja

Walipokuja kupima msitu wa kijiji chetu, huku upande wa Kibuta, mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya maliasili. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya kamba na kutaja majina ya miti. Mtaalamu aliyeongoza kazi alitoka Kibaha, binti mwembamba mwenye sauti ya upole, na kwa kuwa kijijini hatuna nyumba ya wageni, mwenyekiti alimleta kwetu. Kwetu ni mimi na mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki.

Siku ya kwanza tu mgeni alipiga goti, "Shikamoo mama," na jioni akakaa naye barazani kujifunza kusuka ukili wa mkeka. Ukamtoka umepindapinda, mama mdogo akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Porini tulikuwa tunachora duara kwa kamba, kisha kila mti ulioangukia ndani tunauzungushia utepe usawa wa kifua, naye anaandika unene wake. Siku ya tatu nikamwuliza jambo lililokuwa linanisumbua.

"Mdogo wangu, sisi wengine hatupasui mbao. Tunachimba dawa, tunakata ukindu wa kusukia mikeka. Hayo mnayapimaje?"

"Ndiyo maana nimekuja, dada. Mpango huu ni wa matumizi yote ya msitu, siyo mbao na mkaa tu. Nionyeshe, niandike."

Mikindu yetu ilikuwa kwenye bonde dogo lenye chemchemi, mbali na njia za watu. Mama mdogo na wenzake wachache walikata majani yake ya kusukia mikeka kwa zamu, shina hili leo, lile mwezi ujao, ili lipate kupumzika. Nilipomwambia nataka kumpeleka mtaalamu, aliuweka ukili chini.

"Mgeni nampenda, lakini kule usimpeleke."

"Mama, tusipoandikisha itaonekana hakuna kitu."

"Acha ionekane hivyo."

Nilimpeleka. Nilingoja mama mdogo aende kupalilia mihogo, ndipo tukatoka. Nilijiona ninaelewa zaidi yake, mimi mwenye daftari la kamati. Tuliihesabu mikindu yote shina kwa shina, mimi nikifunga uzi mwekundu tusije tukarudia, yeye akiandika. Tulipomaliza akanawa uso kwenye chemchemi.

"Dada, bonde hili lingekuwa kwetu tungelificha," alisema, tukacheka wote wawili. Kisha nikasaini fomu yake kama shahidi wa kijiji.

Siku anaondoka, mama mdogo alimpa mkeka aliokuwa amemaliza kuusuka wiki ile. Hakujua kwamba tulishafika bondeni.

Miezi ikapita, tukaitwa Kibaha kuonyeshwa matokeo. Ukutani wakamulika ramani ya msitu wetu yenye rangi tofauti: huku mbao, huku mkaa, huku mizinga ya nyuki. Nikalitafuta bonde letu. Lilipakwa kahawia, na maelezo yake yalisema miti ni michache, maji yapo mwaka mzima, panafaa kunyweshea mifugo.

Nikanyoosha mkono. "Hapo pana mikindu. Tumeihesabu."

Bwana aliyekuwa anaeleza akamgeukia yule binti, aliyekaa mstari wa mbele. "Ipo kwenye taarifa yako?"

Akafunua karatasi zake, ukurasa mmoja, wa pili. "Hapana," akasema bila kunitazama. "Sehemu ile haikuwa na taarifa za kutosha."

"Na fomu ya eneo hilo imesainiwa na mjumbe wa kijiji," yule bwana akaongeza. Saini ilikuwa yangu. Nikakaa.

Wakati wa chakula nilimfuata yule binti nje ya ukumbi.

"Tulihesabu wawili, mimi na wewe."

"Najua, dada."

"Sasa?"

"Kanuni tuliyopewa ya kukokotolea ni ya unene wa miti. Ukindu haukuwa na mahali pa kuingia. Nilisema, wakaniambia niache, muda umekwisha."

"Ungenipigia simu."

"Ningekuambia nini?"

"Hilo hilo ulilosema sasa."

Alitupia mkoba wake begani, akarudi ndani. Hata hali ya mama mdogo hakuiulizia. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko ramani yenyewe.

Wafugaji walielekezwa kule mwanzo wa kiangazi. Sina ugomvi nao. Walionyeshwa mahali, wakapeleka ng'ombe wao. Mvua zilipokaribia bonde zima lilikuwa tope na alama za kwato, machipukizi ya mikindu yamelala chini. Mama mdogo alirudi kutoka huko mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Nani aliwapeleka?"

Ningeweza kusema ni ramani. "Mimi, mama."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

Hakunigombeza. Aliingia ndani akaanza kuchambua mboga, nami nikatamani anitukane tu, yaishe.

Niliandika barua kwa jina la kamati, nikaipeleka Kisarawe wilayani mwenyewe, nikarudi mara tatu kuiulizia. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu mwingine, mtu mzima, akaingia topeni na viatu vyake, na sehemu ya juu ya bonde ikatengwa na kuzungushiwa miiba. Mikindu inachipua, polepole. Yule binti alinitumia ujumbe: amesikia, amefurahi, nimsalimie mama. Salamu sikuzifikisha, wala ujumbe sikuujibu.

Siku hizi mama mdogo na wenzake wanakata ukindu mahali pengine. Anaondoka alfajiri, ananiachia chai kwenye chupa, jioni anarudi na mzigo kichwani. Ninamtua, naona tope jeusi kwenye pindo la khanga yake, wakati udongo wetu ni mwekundu. Hajaniambia ni wapi, nami sijamwuliza.