Shemeji Yangu Anauza Kahawa Yake kwa Sababu ya Injini Niliyoiua Mimi

Admin, nifichie jina, huku Kasese tunajuana sana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, nina watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi hotelini Mweya na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Mtakaonitukana nawasamehe mapema, ila nisomeni mpaka mwisho.

Tulinunua gari dogo lililochoka, limepita mikono ya watu wengi, lakini kwetu lilikuwa kama ndege. Mume wangu alinifundisha kuendesha uwanjani, akanikataza barabara kuu mpaka nipate leseni. Katikati ya wiki lilitumiwa na mdogo wake, Muhindo, kuteremsha kahawa yake kutoka Kyondo.

Sasa, rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa anaolewa Bwera siku ya Ijumaa. Sitawadanganya, gari sikulihitaji. Nilitaka tu wenzangu wanione nikishuka kwenye gari langu. Muhindo alilirudisha Alhamisi jioni, majirani wakimwona, na asubuhi yake nikawaacha watoto kwa jirani nikaondoka. Kwenda ilikuwa raha. Wenzangu walinipigia vigelegele, mmoja akasema, "Wewe sasa uko mutu mukubwa!"

Wakati wa kurudi, karibu na Kikorongo, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu na mvuke ukaanza kutoka mbele. Wanaume pale njia panda wakapiga kelele, "Mama, simamisha! Gari inachemuka!" Nikasimama. Dereva mmoja wa lori akaniambia, "Zima, ngoja ipoe kabisa, ndiyo uweke maji. Ukienda hivi utaua injini." Lakini mume wangu angerudi jioni hiyo hiyo, tena hupita hapo hapo. Nikaingiwa na hofu. Nikangoja kidogo tu, nikawasha. Mshale nilikuwa nauona na maana yake naijua, bado nikakanyaga mafuta. Kabla ya kufika mjini injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga, halafu ikanyamaza. Nikapata pikapu ikanivuta kwa kamba mpaka nyumbani, majirani wakiwa bado mashambani. Nikaliosha gari, nikaliacha pale pale Muhindo alipokuwa ameliegesha.

Jumamosi mume wangu akajaribu kuwasha, kimya. Akaniuliza, "Nani alilitumia mwisho?" Nikasema, "Muhindo." Basi. Jina moja tu lilinitoka mdomoni, na sijaweza kulirudisha.

Aliitwa, akafokewa mbele ya watoto wangu. Akasema, "Kaka, mimi niliirudisha iko mzima." Mume wangu akamjibu, "Kwa hiyo ilijiua yenyewe?"

Tukamleta fundi, Mkongomani wa Beni. Akainama, akatazama, akasema, "Moteri hii inaweza kupona. Tuifungue kwanza. Nikifungua ntajua kama gari ilifika hapa yenyewe ao ilivutwa." Majirani walimwona Muhindo akiliingiza likitembea lenyewe; likijulikana lilivutwa, anayebaki ni mimi. Nikamwambia mume wangu, "Baba Biira, kufungua injini iliyochoka ni kutupa hela. Tafuta nyingine Kampala, hii itakusumbua kila mwezi." Akanitazama, akasema, "Sawa. Katika nyumba hii, wewe peke yako hujawahi kunidanganya."

Ikaamuliwa kwamba Muhindo ndiye atakayeilipia hiyo injini ya Kampala. Kijana wa watu anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kuonewa, kahawa ambayo alikuwa anaitegemea kwa mahari. Wakwe wameshaambiwa wasubiri.

Juzi alikuja nikiwa peke yangu nafua. Akachuchumaa karibu na beseni, akasema taratibu, "Shemeji, mimi najua. Rafiki yangu anachoma gonja, zile ndizi, pale Kikorongo. Alikuona."

Nikaiachia nguo ndani ya maji. Nikamuuliza, "Mbona hukumwambia kaka yako?"

"Mimi niko damu yake. Atakasirika, atanuna, lakini hawezi kuniacha. Wewe anaweza kukuacha. Na hawa watoto je?"

Akainuka akaenda zake. Hakuniomba niseme, wala hakuniomba ninyamaze. Afadhali angenitukana.

Jumapili mnunuzi wa kahawa anapanda Kyondo kumalizana naye, Jumatatu mume wangu anakwenda Kampala kutafuta injini. Fundi bado anasema ile yetu angeiponya kwa gharama ndogo, na mimi ndiye ninayemzuia. Nikisema ukweli, sijui kama mume wangu ataniacha kwa sababu ya gari au kwa sababu nilimtazama akimdhalilisha mdogo wake bila kosa nikakaa kimya. Nikinyamaza, kijana anakosa mke ili mimi nibaki na mume.

Leo asubuhi Muhindo amepita akanisalimia kwa heshima ile ile, nami nikajifanya naita watoto. Ndugu zangu, hasa nyinyi akina baba, mngekuwa mume wangu mngependa kuambiwa vipi? Nipeni maneno ya kuanzia, maana Jumapili iko karibu na mimi sina hata moja.