Fimbo ya Dorkasi Ina Mapengo Manane

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelalia makabichi, Mama Dorkasi amekwisha kuzama magotini kwenye bwawa la mfereji. Anasimamisha fimbo yake wima. Ina mapengo manane, na maji yamefika pengo la juu kabisa.

"Limejaa," anasema. "Sasa waje wenye midomo."

Huyu ndiye mgawa maji wa kijiji hiki cha chini ya Vuga. Bwawa hujaa usiku, na asubuhi kila kaya hufunguliwa mapengo yake: huyu moja, yule mawili. Maji yakishuka hadi pengo linalotakiwa, Dorkasi huziba mlango kwa udongo na magome ya mgomba. Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe, miaka kumi na tisa iliyopita. Malipo ni debe moja la maharage kila msimu, "na matusi ya bure kila siku."

Sasa kazi yenyewe inaponyoka. Kijiji cha ujamaa kimeletewa daftari la maji, na kamati imeamua mgawaji aliandike kwa mkono wake. Ijumaa hii atapimwa ubaoni. Akishindwa, fimbo anapewa mwingine.

Jumatatu, kwenye darasa la watu wazima, alishindwa. Mwalimu Kornelio aliandika 2/8 + 1/8. Dorkasi akajumlisha juu, akajumlisha na chini, akapata 3/16. Wanaume wa benchi la nyuma walicheka mpaka wakaegemeana. Hao, kwa taarifa ya msomaji, bado wanaandika majina yao kwa kuchungulia kwa jirani.

"Darasani namwita mwalimu," anasema Dorkasi. "Nje ya mlango ni mtoto niliyemfuta kamasi. Lakini siku ile machozi yaliponitoka, aligeuka akatazama dirishani, asinione. Amelelewa."

Leo Kornelio amemfuata bwawani, suruali ameikunja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunifukuza kabla ya Ijumaa?"

"Nimekuja kuona maji ya Klara."

Klara amejifungua juzi. Hapa kijijini, aliyekula uji wa mzazi humkatia pengo moja la maji yake, maana mzazi hashiki jembe wala hagombei zamu. Klara ana mapengo yake mawili. Dorkasi alikula uji, mabakuli mawili kwa ushahidi wa majirani, kwa hiyo anaongeza moja lake.

Maji yanakimbia kuelekea shamba la Klara. Dorkasi anaziba.

"Yamekwenda mangapi?" anauliza Kornelio.

"Matatu."

"Matatu ya mangapi?"

Dorkasi anaitazama fimbo.

"Ya manane. Kumbe nilipoandika kumi na sita, nilikuwa nachonga fimbo nyingine."

"Ndiyo, mama. Namba ya chini ndiyo fimbo. Haijumlishwi."

"Na wewe ukakaa na siri hiyo tangu Jumatatu?"

"Nilisema mara tatu. Ulikuwa unamjibu mtu wa benchi la nyuma."

Dorkasi anacheka, anainama, anaandika topeni kwa kidole: 3/8. Maji yanafuta. Anaandika tena.

Saidi, mwenyekiti wa kamati, amekataza fimbo isiingie darasani. Dorkasi hana wasiwasi.

"Nikifaulu, mstari wa kwanza wa daftari nauandika mimi: Klara, matatu ya manane, moja la Dorkasi. Mwanawe akikua, asome mwenyewe nani alimkatia mama yake pengo."