Tope la Upande Mwembamba

Habari za msiba zilinikuta kitini nisipobanduka, barazani kwangu Kibiti: yule mhandisi wa Ruaruke, mwanamke aliyekuwa akinipitia kila likizo, ametutoka. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilinishinda kuieleza kwa wageni. Aliajiriwa na watu wa visima vya mafuta, lakini mafuta hakuyagusa. Alikaa kwenye kompyuta akiiga jinsi saruji inavyosukumwa kisimani ili ilitoe tope lililotumika kuchoronga shimo, nayo ijae kati ya bomba na udongo. Mimi niliyeishia kidato cha nne nikamwambia, "Kumbe unalipwa kucheza gemu!" Akacheka. "Kwenye gemu langu ukifungwa, kaka, kisima kinavuja."

Likizo moja alikuta kisima kipya cha maji kijijini kwao kimeanza kutoa chumvi. Watu walishangaa, maana siku ya kukijenga saruji ilichomoza mpaka juu, wakapiga vigelegele (mimi nilisimuliwa). Akafungua kompyuta jamvini kwangu. Kwenye picha bomba lilikuwa limeegemea upande mmoja wa shimo, nafasi ya pembeni yake ikawa pana huku, nyembamba kule. Rangi ya kijivu, ndiyo saruji, ikapanda mbio upande mpana; tope la kahawia likabaki limejikunyata upande mwembamba. "Maji ya chumvi ya tabaka la juu yanapenya topeni hapo, yanashuka kisimani," akasema. "Waliona saruji, wakadhani tope limekwisha." Kisha akanisonta kidole. "Na tope hili ni wewe, kaka. Dunia yote inapita, lenyewe limekaa tu!" Akaliweka bomba katikati, akarudia, tope likatoka lote. Kisima cha pili kikajengwa hivyo, bomba limefungwa vishikizo vya kulikalisha katikati pande zote. Shangazi zake walipolalamika kwamba fundi anachelewa, aliwaambia, "Shangazi, maji ya kisima cha haraka si mmeshayaonja?"

Msibani nilikwenda; ndiyo, nilitoka. Nikapewa maji ya kisima kile cha pili. Matamu. Nikawaza tulivyo wepesi wa kushangilia kinachochomoza juu, iwe kisima, shule au barabara, na uzito tulio nao wa kuuliza upande mwembamba ukoje. Fundi yuleyule wa kisima akaketi karibu nami. "Wiki ijayo tunachoronga kisima Mbuchi, na wenyewe wana haraka. Nani atawazuia sasa?" Bomba lililokaa katikati nimeliona kwenye kompyuta tu, lakini swali la upande mwembamba ninalo, marehemu alinifundisha jamvini kwangu mwenyewe. Nimeshaazima mabuti. Tope la Kibiti linahama.