Kiraka cha kernel na swichi kuu ya Ijumaa

Kazi yangu ya asubuhi nzima imefutika nikiwa msikitini.

Nilikuwa nimebandika kiraka cha usalama cha kuziba tundu kwenye kernel, yaani kiini cha mfumo, cha seva zetu kumi na mbili, zile zenye mafaili ya wagonjwa wa zahanati, Bagamoyo hadi Lugoba. Nilibandika zikiwa kazini, bila kuzima hata moja. Nikajiona fundi cherehani anayeshona suruali ikiwa mwilini.

Ila kiraka cha namna hii hutoweka seva ikizimika, isipokuwa uwe umeweka na kernel mpya kwenye diski. Hiyo nikasema nitaiweka baada ya swala.

Narudi, nakuta zote zimezimwa na kuwashwa upya. Tundu liko wazi vilevile. Namshukuru Mungu hakuna aliyeingia.

Nikamwendea mlinzi wetu, Mzee Kondo.

"Shikamoo, mzee. Nani kashusha swichi kuu?"

"Marahaba. Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani, mzee wangu?"

Akanipeleka mlangoni taratibu, akaninyooshea tangazo: Wa mwisho kutoka azime umeme wote.

"Leo wa mwisho kutoka kwenda swala nilikuwa mimi. Mwandiko huu wa nani, mwanangu?"

Wangu.

Sasa naandika tangazo jingine. Bi Zuhura wa mapokezi anasema safari hii atalisoma yeye kwanza. Nyie mngemjibu nini?