Mchezo wa Kusikiliza Dukani kwa Karim

Duka la Mzee Karim mjini Migori lilinukia vitambaa vipya na udi. Karim, Mhindi aliyezaliwa mji huohuo na kukiongea Kidholuo vizuri kutushinda, alikuwa na santuri za Kihindi na chache za Indonesia alizoletewa na shemeji yake baharia. Likizo ile ya Agosti, kila mimi na dada yangu Akinyi tulipompelekea mayai, alitufundisha kusikiliza. "Msinywe yote pamoja kama supu," alisema. "Kila mtu ashike kitu kimoja." Katika ngoma za Kihindi tulihesabu mapigo kumi na sita, tukapiga kofi kwenye la kwanza. Katika zile za Indonesia mimi nilifuata upatu mkubwa, sahani ya shaba iliyofunga kila mzunguko, naye Akinyi akafuata zile ndogo zilizokimbia juu yake kama mvua kwenye bati. Aliyepotea aliinua mkono. Kila mara ulikuwa mkono wangu.

Wiki ya tatu Akinyi naye akaanza kupotea. Siku moja nikamwona ameweka kiganja juu ya sanduku la spika, akihesabu kwa mtetemo.

"Mzee, huyu anaiba," nikasema.

"Toa mkono, mama," Karim akamwambia kwa upole.

Akautoa, akanitazama, na yote yaliyofuata akayakosa. "Umezeeka, nyanya," nikamtania.

Sikio lake lilikuwa likitoa usaha tangu mvua za Aprili, na sasa la pili pia. Nyumbani alipoitwa asiitike, alichapwa akidhaniwa ana kiburi. Mimi peke yangu nilijua, kwa kuhesabu, kwamba sauti zilikuwa zikimtoka moja baada ya nyingine. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa namshinda kwa mara ya kwanza. Kufikia Krismasi hakusikia chochote.

Siku hizi mjukuu wangu akilalamika sikio, anapelekwa kliniki siku hiyohiyo. Muziki wote ule umo kwenye simu yake, nami bado nasikia kila upatu. Mwezi uliopita nilikwenda Homa Bay, kwa Akinyi, nikaketi mbele yake na kumwambia polepole yote niliyoyajua. Aliitazama midomo yangu hadi nikamaliza.

"Umesema nini, Ochieng? Tangu meno yakutoke siwezi kukusoma."

Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nikaonyesha kikombe changu, akaniongezea chai.