Nane

Yule dada wa maabara anayetutungia mimba kwenye kisahani hajipulizii manukato kazini. Anasema viinitete vichanga havitaki harufu. Huvaa viatu vya mpira visivyo na kishindo, na akitoka kutupa habari barakoa iko puani, mikono ameibana kwapani kama mtu aliyetoka kwenye baridi. Neno "mtoto" halitaji kamwe. Hutaja idadi ya seli tu: mbili, nne. Mara mbili tumeishia nne, na mara zote mbili nimerudi nyumbani mikono mitupu.

"Siku za mwanzo, dada, kiinitete huishi kwa maagizo ambayo yai limetoka nayo kwa mama," alinieleza. "Jeni za baba bado zimenyamaza. Akiba hiyo ikiisha, kati ya seli nne na nane, kiamshe jeni zake chenyewe, za pande zote mbili, la sivyo kinasimama hapo hapo."

"Kumbe hata humo sina sauti!" mume wangu akacheka kwa shida. Dada wa maabara hakucheka.

Leo, siku ya tatu ya jaribio letu la tatu, aliusukuma mlango kwa bega, barakoa ikining'inia kwenye sikio moja. Ndipo nikaona kuwa ana mwanya.

"Nane," akasema. Kisha akamgeukia mume wangu. "Shemeji, umeanza kusikika."