Ndara Mbili Kwenye Foleni ya Pembea

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa uhai, akatupa na kumbukumbu za kutazama tulikotoka, na akanifikisha umri huu nikiwa bado na pumzi ya kumshukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, sogeeni karibu kidogo. Nina jambo la utotoni ambalo kwa miaka mingi nililibeba peke yangu.

Juzi nilikwenda dukani na wajukuu kununua viatu vya Idi. Muuzaji alipofungua gunia la ndara za mpira, ile harufu ikanipanda puani, nikafumba macho. Mjukuu wangu akaniuliza, "Nyanya, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Lakini kwa kitambo kidogo sikuwa dukani. Nilikuwa kwenye uwanja wa Msambweni, msichana wa miaka tisa, nimesimama juani na mguu mmoja mtupu.

Ulikuwa mwaka wa pili au wa tatu baada ya Uhuru. Sikumbuki sawasawa, kwa kuwa sisi watoto miaka tuliihesabu kwa Idi. Idi ile ilikuja na kitu ambacho tulikuwa hatujawahi kukiona kwetu: pembea kubwa ya mbao, gurudumu lililosimama wima kupita paa la msikiti, lenye masanduku manne ya kukaliwa na watu wawili wawili. Vijana wawili wenye mikono kama mipiko ya kubebea mizigo walilizungusha kwa nguvu zao, na kila lilipozunguka lilitoa mlio mrefu, kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole.

Siku ya kwanza ya Idi nilipanda. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mdogo wangu Mwanaidi jinsi nilivyoiona bahari nyuma ya minazi. Mwanaidi alikuwa na miaka saba. Homa ya uchanga ilimwachia miguu isiyoweza kubeba mwili wake, akawa anakaa mkekani barazani kutwa nzima. Kwa kukaa kule chini alizoea kuwajua watu kwa visigino vyao. Mgeni alikuwa hajapiga hodi, Mwanaidi ameshasema ni nani. Aliponisikiliza hadi mwisho, akasema, "Na mimi nataka kuona juu."

Baba hakuwa mtu wa kumruka mtoto. Kila Idi alitununulia sote ndara mpya, na Mwanaidi pia alipata zake, ingawa hazikupata kukanyaga hata uani. Alilala nazo kando ya mto, akizinusa. Usiku ule Baba aliposikia maneno yake, alikaa akapanga safari. Jirani yetu alikuwa na baiskeli, naye angerudi nayo kutoka safarini siku ya tatu adhuhuri. Baba angemfunga Mwanaidi kwa leso kwenye kiti cha nyuma, wafike uwanjani kabla ya alasiri. Siku hiyo ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kesho yake asubuhi pembea ingefunguliwa vipande vipande ipelekwe Vanga. Kazi yangu ilikuwa moja: kwenda mapema kushika zamu.

Mwanaidi alinipa ndara yake moja. "Weka hii kwenye mstari," akaniambia. "Usiweke yako peke yake."

Na Mama, aliyekuwa akisuka nywele zangu, akaongeza, "Hiyo ndara ni amana mkononi mwako. Usiichezee."

Hapa lazima niwaeleze habari ya ndara na mstari, maana bila hiyo hamtanielewa. Mwenye pembea alikuwa mzee kutoka Kinango, jina lake Mzee Mwero. Kwao maji ni ya shida, na kina mama wakifika kisimani hawasimami wakaungua na jua. Kila mmoja huliweka debe lake kwenye mstari, akaenda kukaa kivulini, na hakuna anayeligusa debe la mwenziwe. Mzee Mwero aliuleta utaratibu ule Msambweni, ila badala ya debe, mtu aliweka ndara moja. Alikuwa amesimamisha vigingi, akapitisha kamba ya makumbi ya nazi, na njia ya foleni akaikunja mara tatu kama ukili wa kushonea mkeka, hivi kwamba wa mwisho alijikuta anatazamana na wa kwanza. Watu wakamuuliza kwa nini asinyooshe tu. Akajibu, "Nikiinyoosha, mtaona migongo. Mgongo wa mtu unasukumika. Uso wake mtaona haya kuusukuma." Na kweli, watu waliokuwa wakipigana viwiko siku zote wakigawiwa sukari, pale walikaa kivulini chini ya mkanju, mti wa korosho, wakipiga soga, wakiinuka tu kuzisogeza ndara zao.

Masharti yalikuwa mawili. Zamu yako ikifika nawe hupo, ndara yako inatupwa mkiani. Na kabla ya kupanda, unaivaa ile ndara mbele ya Mzee Mwero aone kuwa ni yako. Kwa hiyo Msambweni nzima siku zile ilikuwa ikitembea na mguu mmoja mtupu, wazee kwa watoto, na hakuna aliyemcheka mwenziwe. Kilichotuchekesha ni akala mbili zilizokuwa mwisho kabisa wa mstari, moja kubwa na moja ndogo, viatu vya tairi vilivyochakaa. Mtu mpya akija, Mzee Mwero alizisogeza nyuma yake. Sisi tulidhani kuna mwehu fulani alizisahau.

Nilifika jua likichomoza. Nikaweka ndara yangu na ya Mwanaidi ubavu kwa ubavu, kisha nikakaa kuzilinda. Kwanza mambo yalikuwa mazuri. Tatizo lilikuwa kwamba yalikuwa mazuri mno. Asubuhi vijana wana nguvu, gurudumu linakwenda kwa kasi, watu wanane wanashuka na wanane wanapanda. Kila mtu pale alikuwa akifurahi mstari unavyosogea. Mimi kila ukisogea nilihisi kama natolewa nyumbani kwa nguvu. Adhuhuri ilipoadhiniwa, mbele yetu zilikuwa zimebaki ndara kumi tu, na njiani hakukuwa na baiskeli.

Mzee Mwero hakuwa Muislamu, lakini kila adhana ilipolia alisimamisha pembea mpaka watu warudi kutoka msikitini. Nikaswali nyuma ya kina mama, na mbele ya Mola wangu nikaomba dua ambayo mpaka leo naionea haya. Nilimwomba aivunje ile pembea. Si kuivunja sana, nikasema, kidogo tu, mpaka Baba afike. Tuliporudi, gurudumu likazunguka mara moja, likalia vibaya na kukwama. Nikatubu pale pale, nikaahidi kuhifadhi sura mbili zaidi. Vijana wakapaka mafuta ya nazi kwenye mhimili, likaendelea, nami sikujua kama nishukuru au nilie.

Zilibaki ndara mbili mbele yangu. Ndipo nikafanya lile nililolifanya. Nyuma yangu palikuwa na bibi mmoja na mjukuu wake. Nikaziokota ndara zetu nikamwambia, "Shikamoo, bibi. Tangulieni."

"Marahaba, mwanangu. Umelelewa wewe. Mungu akuzidishie adabu."

Basi nikaona nimepata dawa. Aliyefuata nikamwambia atangulie, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena. Dua zilinimiminikia kama mvua. Mmoja akamwuliza mwenziwe mimi ni mtoto wa nani, ili naye ampeleke wake chuo kile kile cha Kurani. Mimi nilikuwa nikiangalia barabara tu. Msichana mmoja wa rika langu, Mejumaa, mwenye mdomo wa upanga, akaanza kunitangaza. "Mwoneni huyu. Amekuja tangu alfajiri kuja kurudi nyuma. Unaogopa, eti? Tumbo limeshakushika?"

"Siogopi."

"Basi panda. Au unalinda ndara zisitoroke?"

Wote wakacheka. Mzee Mwero, aliyekuwa akipita, akasimama mbele yangu. "Mwanangu," akasema, "mstari wangu unakwenda huku. Wewe unakwenda wapi?" Nikainama nikazipangusa ndara vumbi. Ningemwambia, huenda angenishauri. Lakini nilikuwa na woga wa mtoto anayedhani kwamba akilitamka jambo linaloharibika, ndiyo ataliharibu kabisa.

Alasiri ikaadhiniwa, tukaswali, tukarudi. Baba hakuwapo. Vijana wa pembea walikuwa wamechoka, gurudumu likawa zito, na watu walikuwa wakizidi kumiminika kutoka kila upande kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho. Nilipoinua kichwa kuangalia tulipo, nikagundua kwamba nimerudi nyuma mpaka kwenye mkunjo wa mwisho wa kamba, na kivuli cha gurudumu kimefika ukuta wa shule. Kutwa nzima nilikuwa nikiogopa mstari utaniwahi. Sasa nikaogopa jua litaniwahi.

Hapo ndipo niliposikia kengele ya baiskeli. Baba alikuwa ameloa jasho, na Mwanaidi amefungwa nyuma kwa leso mpya ya Mama, uso umemkauka. "Bado hatujapita?" Mwanaidi akauliza. Nikamwambia bado.

Mzee Mwero alitembea na mstari toka mwanzo, akihesabu ndara kwa fimbo yake. Pembea ilikuwa ifungwe kabla ya magharibi. Mahali mizunguko ilipoishia, kwenye nafasi mbili za mwisho, aliziweka zile akala mbili, kubwa na ndogo. "Walio mbele ya hizi watapanda," akasema. "Walio nyuma, Mungu akipenda tutaonana Idi nyingine."

Ndara zetu zilikuwa nyuma ya akala. Za kwanza kabisa nyuma yake.

Mejumaa alikuwa mbele yetu na nduguye, akanitazama kisha akainamisha macho. Nikawatafuta wale niliowapisha, yule bibi na wengineo. Walikuwa wameshapanda, wameshashuka, wameshakwenda makwao na dua zao. Nikalia. Huku nalia nikamweleza Mzee Mwero yote, kwamba ndara moja si yangu, kwamba nilikuwa nikimngoja mwenyewe. Akainama akaiokota ile ndara ya Mwanaidi, akaigeuza. Unyayo wake ulikuwa safi kama siku ilipotoka dukani. Akaupitisha kidole. "Hii haijakanyaga chini," akasema, na akamtazama Mwanaidi pale kwenye baiskeli.

Baba akasema kwa upole, "Mzee, kama haiwezekani, basi. Sheria ni ya wote."

"Siwezi kumtoa mtu aliyengoja," Mzee Mwero akamjibu. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Ulikuwa ukigawa zamu isiyo yako, mwanangu. Ilikuwa ya mwenzio. Hizi ndizo zangu, na changu naweza kukitoa." Akazitoa zile akala mbili na mahali pake akaweka ndara zetu.

Tulipanda sanduku la mwisho. Baba alimbeba Mwanaidi mbele ya watu wote, akamvisha ndara, akamkalisha, nami nikamshika kiuno kwa mikono miwili. Gurudumu lilipotufikisha juu, Mwanaidi hakuangalia bahari wala minazi. Aliangalia chini, ambako Baba alikuwa amevua kofia ajipangushe jasho, na akacheka kicheko ambacho sijakisikia tena kwake wala kwa mtu mwingine. "Kumbe Baba ana upara," akasema. Katika miaka yake saba hakuwahi kuona utosi wa mtu mzima.

Kutoka kule juu niliona na jambo jingine, lakini sikulitia akilini. Nilimwona Mzee Mwero akiivaa ile akala kubwa, kisha akiipeleka ile ndogo kwenye kigingi, alikosimama msichana mmoja aliyeshinda pale siku zote tatu. Msichana akaipokea, akaivaa, na akabaki akitutazama tunavyozunguka.

Mwanaidi aliniambia tulipokuwa wakubwa kwamba baiskeli haikuchelewa. Alimwomba Baba asimame njiani mara tatu, kwa kuogopa kuinuliwa mbele ya macho ya watu, na kila mara Baba alisimama akangoja bila kumhimiza, mpaka akawa tayari. Tulicheka sana kwa jinsi mimi nilivyokuwa nikiuvuta mstari nyuma huku naye akiivuta baiskeli. Mungu amrehemu, ametangulia.

Lakini lile la akala sikulielewa mpaka nilipopata binti yangu mwenyewe. Siku moja tulirudi nyumbani kutoka chuoni, mimi nimetoka kusomesha na yeye kusoma, tukavua viatu mlangoni. Nikaona ndara zimelala ubavu kwa ubavu, kubwa yangu na ndogo yake. Nikashindwa kuingia ndani. Yule mzee na yule msichana wa kwenye kigingi, binti yake, walishika foleni kama watu wengine, mguu mmoja mtupu kila mmoja, wakijiweka nyuma ya kila aliyekuja kwa siku tatu, kwa ajili ya mzunguko mmoja wa mwisho. Huo ndio aliotupa. Na haukuwa wake peke yake, ulikuwa na wa mtoto wake ndani, ila nilimwona yule msichana akiipokea akala yake bila kununa. Nadhani baba yake alikuwa ameshamtazama kabla hajazitoa, naye akaitikia kwa kichwa. Najipa moyo kwamba ilikuwa hivyo. Nilikwenda Kinango mara mbili kuwatafuta, nikaambiwa walihama zamani. Nimebaki kuwaombea.

Nawe uliyekaa nami mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulipe kwa subira yako. Kila zamu uliyompa mwenzio asiyejua umempa, Yeye aliiona. Akuwekee nafasi kwake, na siku hiyo ikifika, asikurudishe nyuma. Amina.